Sola yangu, jenereta ya landlord, na mayai thelathini ya mamangu

Niaje wakuu. Hii ilinitokea mimi mwenyewe, na nikiongeza chumvi, mamangu amekaa hapa nyuma yangu atanisahihisha.

Naishi Mashimoni, Kibera. Mchana nauza kwa hardware huko Riruta. Nyumbani nina mashine ndogo ya kutotoa vifaranga, second-hand, niliitoa Kawangware.

Shida yake ni moja tu: haitaki kukosa stima. Mayai yakipoa sana, kwisha.

Landlord wangu, Mzee Ramadhan, Mnubi wa hapa hapa Kibera, aliniambia kitambo ninunue jenereta kama yake. Anaipenda hiyo kitu jamani! Kila Ijumaa anaipanguza na kitambaa kabla ya kwenda msikitini.

Mimi nikachukua sola. Panel moja juu ya mabati, betri na inverter.

Tangu hapo hatujawahi kunywa chai bila kubishana. Mimi namwambia petroli ikichomwa imeenda, moshi unabaki na sisi, lakini jua kesho linarudi bure.

Yeye anajibu, "Na likikataa kurudi? Mimi navuta kamba tu, inawaka."

(Kabla mniulize: hata stima ya kawaida hapa Kenya nyingi inatoka kwa mvuke wa ardhini, maji na upepo. Nilimwambia Mzee hivyo, akasema nimpunguzie siasa.)

Sasa, mama akaja kunitembelea kutoka Homa Bay. Alibeba mayai thelathini mapajani safari yote. Ni ya kuku ambao marehemu baba alianza kufuga nikiwa mdogo. Alitaka niyatotoe, arudi na vifaranga.

Mayai yakaingia mashine. Wiki moja baadaye simu ikaja kutoka nyumbani: kideri, ule ugonjwa wa kuku, kimepita, kuku wote wamekufa. Wote, wakuu.

Mama hakulia. Alivuta kiti akakaa kando ya mashine. Kuku wa baba walikuwa wamebaki ndani ya hilo sanduku peke yake.

Siku ya kumi na tisa ilikuwa Jumamosi. Nimetoka kazi saa saba, nimefika tu, transfoma ya mtaa ikalipuka.

Nikajiambia leo ndiyo Mzee ataona maajabu. Sola ikashika. Dakika chache, inverter ikalia piii, ikazima.

Na jua lilikuwa linachoma mpaka mabati yanalia!

Nilichanganyikiwa. Mama tayari alikuwa anafunika mashine na blanketi. Nikampigia fundi aliyeniwekea sola, nikamtukana vizuri. Mzee Ramadhan hakungoja kuitwa. Alikuja akikokota jenereta yake, jasho linamtoka, hata hakunicheka. Akavuta kamba mara mbili, ikanguruma, taa ya mashine ikarudi.

Hapo nilimpenda huyo mzee kama mjomba wangu.

Fundi, bado yuko kwa simu, baada ya kunisikiliza nikimaliza matusi, aliniuliza swali moja: "Umepanda ukaangalia panel?"

Nikapanda kwa stuli.

Wakuu, omena, wale dagaa wa ziwa. Panel yote, kona mpaka kona, imetandazwa omena juu ya neti kuukuu.

"Mathe! Hii ni nini?"

"Pole pole, Odhis, utanimwagia," akajibu kutoka chini. "Zilinyeshewa njiani nikija, na huku ndani zinashika unyevu kila usiku. Hiyo meza yako nyeusi inakausha vizuri kuliko mawe ya kwetu."

Kumbe kila siku nikienda kazi anatandaza, jioni anaanua na kupanguza kabla nirudi. Panel ilikuwa safi kila nikiiona. Taa za usiku zilikuwa zinakula betri bila kujazwa, lakini mashine ilikuwa kwa stima, kwa hivyo sikuwahi kuangalia. Uzembe huo ni wangu.

Nilipomweleza meza ni ya nini, alishika mdomo. Aliomba msamaha akiangalia mashine, si mimi. Nikamkumbatia.

Mzee alicheka mpaka akakaa chini.

Jenereta ilibeba mayai mpaka Jumapili. Panel nayo, ikiwa imeoshwa na sabuni, ikajaza betri. Mchana wake petroli ilikuwa karibu kuisha, nikahamisha mashine kwa sola.

Mzee akazima jenereta yake mwenyewe.

Kukawa kimya. Tulikuwa tumekaa na ile kelele siku nzima, tukiongea kwa kupaza sauti.

Halafu tukasikia. Piu. Piu. Ndani ya maganda, kabla hata yai moja halijapasuka.

Mama akainama, akaweka sikio kwenye mashine. Akaanza kuwaita kwa ule mluzi baba alikuwa akiitia kuku wake asubuhi. Wakamjibu. Hapo ndipo alilia.

Mzee Ramadhan alitoa kofia. Hakuna mtu alibishana siku hiyo.

Walitoka kumi na tisa.

Nilichojifunza: bado niko upande wa jua, na sitabadilika. Halina moshi, halina kelele, haliishi. Lakini linataka betri iliyojaa na mtu wa kuiangalia, na siku nililizembea, petroli ya Mzee ndiyo iliniokoa. Sitamkejeli tena. Sana.

Nyinyi wakuu mnashika nini stima ikipotea? Tupieni hapa, hata mkinipinga. Na wenye jenereta, mkipata nafasi, izimeni dakika mbili msikilize ni nani yuko kwa nyumba.