Sifuri Kwenye Mstari wa Benki Yetu

Mimi ndiye niliyewaingiza wenzangu kwenye hisa, na sijutii. Sisi wamama wa Bukavu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, tuna likelemba: kila mwezi tunachanga, mmoja anabeba. Siku moja nikasema safari hii asibebe mtu, tununue hisa za benki kule Lilongwe. Wakakubali shingo upande.

Kununua tulinunua. Kusoma sasa? Mama prezidanti, kiongozi wetu, alileta gazeti kutoka Old Town, huko huko Lilongwe, akatafuta jina la benki yetu kwenye ukurasa wa hisa, akafuata mstari kwa kidole mpaka mwisho. Sifuri.

Mama yangu! Kwenye likelemba, sifuri ina maana moja tu: kuna mtu amekula. Wakanijia wote, nami niko kwenye cherehani. "Franga zetu iko wapi? We njo ulituingiza!" Jirani yangu akasema niwashonee bure mpaka deni liishe. Mwizi, mimi! Nililia kwa hasira mbele yao.

Kesho yake nikaenda mjini, ofisi ya dalali aliyetuuzia. Kijana wa mezani akanipandisha na kunishusha kwa macho. "Mkimbizi na hisa? Si ununue unga wa nsima?"

"Unga ninao. Nieleze hii sifuri."

Nikakaa kitako. Aliona siondoki, akaeleza. Hapa bei ya jana, hapa bei ya leo. Zikilingana, hisa haijapanda wala kushuka. Namba ya mwisho ni hisa zilizouzwa siku hiyo. Sifuri maana yake hakuna aliyeuza. Zenu zipo palepale. Akaonya kwamba bei inaweza kushuka. Ishuke! Kwani nani aliniahidi kupanda tu?

Jioni nikawakusanya, nikawaonyesha kila namba, kidole juu ya gazeti. Kisha mama prezidanti akauliza kama tuuze tugawane, yaishe.

Aliyejibu ni yule jirani wa kushonewa bure. "Tulikimbia nyumba, tukakimbia mashamba. Hii hatukimbie."

Hakuniomba msamaha. Alileta kitenge, nikamtajia bei kamili, akalipa bila kubisha.

Wiki iliyofuata gazeti likaja tena na sifuri. Mama prezidanti akaigonga kwa kidole, akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Muone," akasema. "Hii njo sisi. Bantu benye bamekataa kuuza."