Ukwato Uliolainika

Punda wetu alianza kuchechea wakati wa masika, mwaka wa themanini na tatu, nikiwa kidato cha pili. Baba alikuwa akiuza maji hapa Mambrui, na punda yule jike ndiye aliyebeba madebe yote. Asipotembea yeye, jikoni hapawaki moto.

Kwetu jeraha lolote hupelekwa baharini. Mtoto akikatwa na chaza, bahari. Upele, bahari. Basi kaka yangu akawa anampeleka punda asubuhi na alasiri, anamsimamisha majini mpaka magotini, kisha anamrudisha zizini, kwenye tope.

"Chumvi itaula ugonjwa," alisema bibi, na hakuna aliyebisha.

Hakupona. Alisimama kwa miguu mitatu, mmoja wa mbele kauning'iniza kama anayeiogopa ardhi. Pakawa na harufu. Si ya samadi. Nyingine, tamutamu, iliyonifuata mpaka kwenye shuka zangu. Kunguru wakauzoea ukuta wa zizi. Nikiwafukuza walisogea kidogo tu, wakanitazama.

Mimi si msemaji. Hata darasani nikiitwa jina, sauti hunikwama. Ila siku moja, baada ya kufua tangu asubuhi, niliona kucha zangu zimelainika, zinapinda kama karatasi. Nikamwendea baba, alikuwa akishona shogi, lile pakacha la kubebea madebe.

"Baba, ukwato si kama ukucha tu? Ukilowa kila siku..."

Kaka akaangua kicheko. "Haya, shikamoo daktari wa punda! Wiki nzima kimya, leo kafungua zahanati!"

Baba hakucheka. Aliuinua ule mguu, akaufuta tope, akaubonyeza wayo kwa kidole gumba. Kidole kikazama. Kilipotoka, yakafuata maji meusi, na ile harufu ikajaa zizi zima.

"Leo haendi baharini," baba alisema.

Tukamtandikia majivu na mchanga mkavu barazani, pale wanapokaa wageni. Bibi alisimama mlangoni akitazama. Nilimletea punda majani, akayanusa, akayaacha. Kesho yake hakuinua kichwa. Baba alikaa naye akimfukuzia nzi kwa kofia yake, akirudia polepole, "Tumemwozesha mguu sisi wenyewe. Kwa mikono yetu."

Punda alipokata roho, majirani walikuja na kamba, wamburure mpaka mchangani. Kunguru walitangulia.