Sevisi ya Tobias

Neno lenyewe ni sevisi, na kama Waingereza wangekuwa na huruma wangelitafutia msaidizi. Sijapata kuona neno linalofanyishwa kazi namna hiyo. Pale Ukunda, miaka ile ya tisini na kitu, gari la mchungaji lilipelekwa sevisi kwa fundi. Ibada ya Jumapili nayo ilikuwa sevisi. Cherehani ya jirani ikikwama, ilitaka sevisi. Wajomba zangu wa Shimba Hills, Wakamba waliogawiwa mashamba ya skimu na serikali, walikuwa wakimpeleka ng'ombe sevisi, na miezi ikipita ng'ombe akazaa. Ndiyo maana siku mzee mmoja aliposimama kanisani kutangaza kwamba mama mchungaji amechelewa kwa sababu ya sevisi, sisi waimbaji wa mstari wa nyuma tulishindwa kuimba.

Lakini mwenye kulimiliki neno hilo alikuwa jirani yangu Tobias. Alikuwa weita katika hoteli moja ya Diani, mtu wa bara, kwao Siaya, mrefu, mpole, shati limepigwa pasi hata siku ya kuchimba choo. Kwake yeye kila jema duniani lilikuwa sevisi, na kila baya lilikuwa ukosefu wa sevisi. Mvua ikinyesha kwa wakati wake, Mungu ametoa sevisi. Nikimwamkia bila kumtazama usoni, ataniambia, "Mama Mutinda, leo sevisi iko chini." Nilikuwa nikimjibu kwamba mimi ni muuza mchicha, sina hoteli.

Basi mwaka ule watalii wakakatika. Hoteli zikafunga vyumba, na Tobias akaambiwa apumzike mpaka atakapoitwa, na chumba cha wafanyakazi akirudishe. Yeye na mkewe Milcah na watoto wao wawili wakabanana katika chumba kimoja cha kupanga, ukuta mmoja na mimi. Haukupita muda ikawa wazi kwamba Milcah na watoto watapandishwa basi la kurudi Siaya, naye abaki peke yake akisubiri kuitwa. Milcah alikuwa akifua nguo huku analia, na alikuwa mtu wa kucheka sana kabla ya hapo.

Njia ilikuwa moja tu. Nyuma ya kanisa letu la mabati kuna vyumba viwili vya mwinjilisti, na mwinjilisti alikuwa amehamia Voi. Mchungaji Munyoki, aliyesimamia makanisa madogo ya upande huu wote, akasema atakuja Jumapili amtazame Tobias, muumini mwenzetu ingawa Jumapili nyingi kazi ilimshika hotelini, akiongoza ibada yenye Meza ya Bwana. Akiridhika, atampa kazi na vyumba. Asiporidhika, ni basi.

"Sevisi itakuwa safi," Tobias akatuambia. Ningejua ana maana ya sevisi ipi, ningemwahi mapema.

Kwetu sisi mkate wa Meza ya Bwana hupitishwa mkono kwa mkono. Sinia linakwenda linapotaka, na anayesinzia anapitwa. Tobias akatokea na kitambaa cheupe juu ya mkono wa kushoto. Akaanza na wanawake, wazee kwanza. Mkate akauleta upande wa kushoto wa kila mtu, kikombe upande wa kulia, na kwa kuwa mabenchi yetu yamegusana na ukuta, mtu mzima yule akawa anapenya nyuma ya migongo ya watu huku akisema, "Samahani, mama. Karibu, mama. Taratibu." Akamaliza, akavikusanya vikombe, kulia tena. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amedondosha makombo mapajani, Tobias akainama akampangusa. Mzee aliruka kama aliyechomwa. Nikamtazama Mchungaji Munyoki, naye alikuwa akitazama saa.

Haya yote yangesameheka. Balaa lilikuja mwisho. Kwenye sinia kilibaki kipande kimoja cha mkate na kikombe kimoja, fungu lake yeye. Tobias akavifunika, akarudi nyuma mpaka ukutani, akaweka mikono mgongoni, akasimama.

Asiye wa kanisa letu hatajua uzito wa jambo hilo. Kwetu, anayeiacha Meza ya Bwana impite ametangaza dhambi yake bila kufungua mdomo. Kwenye mstari wetu walikuwa wameshamtafutia mwanamke. Mmoja akanong'ona kwamba ni yule wa saluni. Milcah akainamisha kichwa. Nilimwonea huruma, na mumewe nikamkasirikia kwa moyo wangu wote.

"Ndugu Tobias," Mchungaji akasema, "na wewe je?"

"Mimi baadaye, Mchungaji. Nitakula jikoni."

"Jikoni gani?"

Watu wakacheka. Tobias hakucheka. Akatazama huku na huku, akayaona mabati, akatuona sisi, jasho likamtoka. Akaeleza kwa sauti ya chini kwamba hotelini weita akionekana na mgeni akitafuna, au hata akinywa maji, anafukuzwa siku hiyo hiyo. Tangu avalishwe koti jeupe hajala mbele ya mtu aliyeketi. Mwili umeshazoea, alisema, na mkono umekataa wenyewe.

"Hata nyumbani," Milcah akasema. Alikuwa amesimama, na hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. "Anatupakulia, anasimama mlangoni mpaka tumalize. Mwanangu mdogo aliniuliza kama baba huwa anakula."

Hapo hakuna aliyecheka tena.

Aliyeinuka ni Bibi Kamene. Miguu yake ilikuwa mibovu, kwa hiyo alikuwa akiketi kwenye kigoda chake mwenyewe karibu na mlango, tangu kanisa likiwa la makuti. Akakivuta kigoda mpaka mbele, polepole, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Keti, mwanangu."

"Siwezi, Mama. Sevisi haijaisha, wageni bado wameketi."

"Wageni wako wapi? Mimi nimezika mume wangu hapa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe umelishika siku nyingi. Keti ule na wenzako."

Tobias akaketi. Kigoda kilikuwa kifupi, magoti yakamfika kidevuni. Milcah akaleta sinia, akaja upande usiofaa, akammwagia kikombe kwenye lile shati. Tobias akashika kitambaa apanguse, Milcah akamnyang'anya. Akala. Kipande kile kidogo alikitafuna muda mrefu, sote tukimtazama, machozi yakimtiririka.

Mchungaji Munyoki hakuhubiri siku hiyo. Alisema muda umekwisha, na kweli ulikuwa umekwisha. Akatoa ufunguo mfukoni, akampa Milcah, si Tobias.

"Mtafutie mahali pa kuketi," akasema.

Jioni niliwapelekea mchicha. Mlango ulikuwa wazi. Wote wanne walikuwa mkekani, wamezunguka sinia la sima na dagaa, na Tobias ana tonge mdomoni. Aliponiona akaanza kuinuka. Milcah, bila hata kugeuka, akamkandamiza bega.

"Kula," akamwambia. "Mama Mutinda atajikaribisha."

Nikavua ndara, nikanawa mikono, nikaketi mbele yake.