Salfa Ndani ya Kompyuta

Juzi mwanangu alifungua kompyuta yake iliyokuwa ikiganda kila akicheza gemu, nami nikajikuta nimeinama kuinusa. Ghafla nilikuwa sebuleni kwetu Newala, mchana wa msimu wa kupulizia mikorosho dawa, magunia ya salfa ya Baba yamepangwa pembeni ya kompyuta ya kaka Yohana.

Ilikuwa imebaki penalti moja tu nimfunge Yohana kwenye gemu la mpira, mimi ambaye sikuwahi kumshinda. Nikabonyeza. Mpira ukaganda hewani, na boksi la kompyuta likanguruma kama mashine ya kukoboa.

"Imepata joto," alisema Yohana, akachukua bisibisi.

Alipoondoa kifuniko, harufu kali ilitupanda puani. Feni ilikuwa imejaa unga wa njano. Alipoinua brashi, nilimshika mkono.

"Kaka, usiufute. Si ndiyo dawa?"

Mikorosho ya Baba ilipona kwa unga huohuo. Niliamini kompyuta nayo imeshaanza matibabu. Yohana alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaisafisha, nami nikimsaidia kwa mikono. Tulianza mechi upya, haikuganda tena, na nikamfunga hivyohivyo. Nilikimbia uani nikipiga kelele, mikono yote ya njano.

"Mama, unanusa nini?" mwanangu aliniuliza.

"Dawa," nilimjibu.