Kicheko Changu Kwenye Bakapu ya Chuo

Msimamizi wangu wa uzamivu alikuwa mama wa Kikenya asiyeamini kitu mpaka akione kwa macho yake. Kila nilipoingia ofisini kwake chuoni, Braamfontein, kabla hata sijavuta kiti, aliuliza: "Bakapu iko?" Salamu zilikuja baadaye, zikija.

Bakapu yenyewe ilikuwa programu ya chuo. Unawekewa kwenye laptopu, na kila ukiingia mtandaoni inachukua nakala ya kazi zako na kuzituma kwenye kompyuta za mbali, huko wanakoita kwenye wingu. Mimi niliichukia, sitaki kusema uongo. Iliamka inapotaka yenyewe, ikaifanya mashine iwe nzito, na nikiwa nyumbani ilikula bando langu bila kuomba. Nikilalamika, Prof ananitazama kwa juu ya miwani. "Wewe zoea tu. Siku moja utanishukuru." Najibu, "Sawa, Prof," na moyoni nasema subiri hapo hapo.

Utafiti wangu ulihusu Kiswahili cha saluni. Kule mtaa wa Bellevue, jiji hilo hilo, kwenye chumba cha mbele cha nyumba iliyokatwakatwa vyumba, mama mmoja wa Lubumbashi alikuwa akisuka nywele. Humo walikutana Wakongo, Warundi, Wakenya na sisi Watanzania, kila mtu na Kiswahili chake, na hakuna aliyekubali kwamba kibovu ni chake. Kwa ruhusa yao niliweka kinasa sauti kwenye rafu ya mafuta, na baada ya muda wakakisahau. Utamu ukaanzia hapo. Sauti hizo ndizo zilikuwa tasnifu yangu. Bila hizo nilikuwa sina digrii, nina nywele nzuri tu.

Siku moja Prof akaja kuona ninapofanyia kazi. Akapendezwa, akakaa kitini asukwe. Weee! Alimsahihisha yule mama mstari kwa mstari, kioo mkononi. Alipoondoka, mama saluni alifunga mlango, akajitupia taulo mabegani mithili ya joho, akakaa wima na kubana midomo:

"'Mama, huu mstari wa tatu haueleweki. Fumua, anza upya.' Eh! Miye namujibu: Prof, hii ni kichwa yako, haiko devoir, kazi ya shule ya mwanafunzi!"

Watu hoi. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, kwenye nywele za watu, nikamwomba arudie. Akarudia, safari hii na mwendo wa Prof juu yake, viatu vikigonga sakafu. Jioni, nikisikiliza nilichorekodi, nikajisikia mwenyewe nikipiga kelele: "Haki ya Mungu, ni Prof mtupu! Rudia!" Prof akiisikia hiyo, nimekwisha. Nikaifuta faili ile, nikamwaga na pipa la taka la kompyuta, nikalala kwa amani.

Siku chache baadaye nilikuwa saluni nikiandika, laptopu nimeiweka pembeni ya beseni la kuoshea nywele. Mama akafungua bomba, mpira wa maji ukamponyoka ukaanza kurukaruka, na mashine yangu ikanywa maji na shampuu. Ikazima. Mama aliielekezea mashine ya kukaushia nywele, huku akiikemea kwa jina la Yesu, kwa Kifaransa. Wapi! Nililia kwa sauti, bila aibu. Kinasa sauti nilikuwa nakifuta kila mara kupata nafasi, na wale niliowarekodi walishatawanyika, wengine Durban, mmoja karudi Bujumbura. Kazi yote ilikuwa imelala ndani ya ile laptopu iliyokuwa ikinukia shampuu.

Nilimpelekea Prof habari nikiwa macho mekundu. Akauliza neno moja tu: "Bakapu?"

"Ipo, Prof."

"Basi unalilia nini? Twende." Akachukua mkoba. Hakuja kunisindikiza, alikuja kuniona nikishukuru.

Fundi wa kompyuta wa chuo, kijana wa Soweto, alifungua akaunti yangu kwenye kompyuta yake. Zile sauti zikaanza kujipanga, moja baada ya nyingine, zote. Jamani! Nilitaka kumbusu. Kisha akasema kwa Kiingereza, "Eish, kuna na moja uliyoifuta. Programu huwa inazitunza kwa muda. Niirudishe?"

"Hapana!" nikasema.

"Zote," akasema Prof. "Kwani nani alikuambia data inafutwa?"

Fundi akaona ahakikishe kwamba faili zinafunguka. Katika zile zote, bwana yule akabonyeza hiyo hiyo. Akaongeza na sauti.

"'Mama, huu mstari wa tatu haueleweki...'"

Kisha kicheko changu kikajaa chumba kizima, na "ni Prof mtupu" yangu nyuma yake. Fundi hajui Kiswahili hata kidogo, ila kicheko kilimwambukiza, akawa anacheka na yeye. "Sharp," akasema, "sauti iko safi." Mimi nilikuwa natafuta pa kujificha. Saini ya kuwasilisha tasnifu ilikuwa ya huyu huyu mama aliyesimama kando yangu.

Prof alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Ule mstari ulikuwa umepinda, ama haukuwa umepinda?"

"Ulipinda, Prof."

"Mwambie arudishe nyuma kidogo. Pale pa mwendo."

Tukasikiliza tena. Niliogopa kumtazama, lakini nikaona mabega yanatikisika. Alivua miwani akajifuta macho. "Tangu nije hii nchi watu wananiogopa tu," akasema. "Kwetu ningekuwa nimechekwa kitambo." Akavaa miwani, akawa Prof tena. "Hiyo ni data. Uiandike yote, neno kwa neno, na vicheko usiviache. Nataka kuiona Jumatatu."

Niliiandika. Mahali pa majina niliweka "Msusi" na "Mtafiti", na mwisho kabisa, kwenye mabano, "wote wanacheka." Jumatatu Prof akanirudishia karatasi zangu zimesahihishwa. Hakugusa neno hata moja la msusi. Ila pale kwenye mabano, baada ya "wote wanacheka", alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu: "na msimamizi pia, baadaye."