Seremala wa Gede na Jeneza Linalorefuka kwa Sifa

Saa mbili asubuhi, Gerishom Amugune analaza ubao juu ya meza yake ya kazi, kando ya barabara hapa Gede. Anaukagua kwa jicho moja, anapuliza vumbi, kisha anaanza kupiga randa. Maranda yanamwangukia miguuni, naye hayatazami.

Mbele yake amesimama kijana mmoja kutoka Jilore, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Baba yake amefariki juzi, naye amekuja kutoa kipimo cha jeneza.

"Futi sita na inchi mbili," kijana anasema.

Gerishom anaisimamisha randa. "Pole sana, mwanangu. Mzee alikuwa akiinama akipita mlangoni?"

Kijana anafikiri. "La. Alikuwa akipita tu."

"Basi tuandike futi tano na inchi nane. Atalala vizuri, usiwe na shaka."

Kijana anakubali, anashukuru na kuondoka. Gerishom hacheki mpaka mgeni wake apotelee kwenye kona ya kituo cha magari, na hata hapo anacheka kwa adabu, mkono mdomoni.

"Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii, na sijaletewa marehemu mfupi hata mmoja," anasema. "Mtu akishakufa, watu wake humwongeza urefu. Si uongo. Ni heshima inawazidi."

Ana umri wa miaka arobaini na sita, mwenyeji wa Vihiga huko magharibi, na huuza jeneza la kawaida kwa shilingi mia tatu na hamsini. Kwa mwezi huunda matano au sita. Mvua na malaria vikiingia huunda hata kumi, na hiyo ndiyo miezi ambayo mtu akimtakia kazi njema yeye huinamisha kichwa tu.

Lakini wiki hii watu hawasimami kwake kwa ajili ya majeneza. Wanasimama kuuliza habari za mchezo. Tangu Jumapili iliyopita, Malindi nzima inazungumza juu ya jeneza moja dogo, lenye urefu wa kiganja, ambalo seremala huyu aliliunda kwa siku mbili na ambalo lilinyamazisha ukumbi wa watu mia mbili.

Mambo yalianza Ijumaa, na yalianza kwa penseli. Gerishom alikwenda Malindi kununua penseli ya useremala katika duka la Bhikhubhai, mzee anayeuza madaftari, karata na vifaa vya shule. Hakujua kuwa siku hiyo ndiyo siku ya mashindano ambayo mzee huyo huyaandaa kila Agosti tangu mwaka 1982.

Mashindano yenyewe ni ya ajabu kidogo. Ijumaa saa sita mchana, Bhikhubhai hutia mkono kwenye mkebe wa biskuti na kutoa karatasi yenye neno moja. Kila mshindani ana muda hadi Jumapili saa sita mchana kubuni mchezo mpya kabisa juu ya neno hilo. Ni marufuku kuiga bao, karata wala drafti, na vifaa ni makatoni matupu ya dukani na makorokoro ya mtu mwenyewe. Mwaka huu wa 1986 neno lilikuwa "safari."

"Nikamwambia, fundi, washindani kumi wote walimu na makarani, hapana hata mmoja anajua kushika msumeno. Ingia wewe," Bhikhubhai anakumbuka. "Akasema yeye anajua safari moja tu. Nikamwuliza ipi. Akachukua katoni mbili."

Safari anayoijua Gerishom ni ile ya maiti kurudishwa kwao.

Watu wa bara wanaoishi pwani hii wana vyama vyao vya kusaidiana, na kazi kubwa ya vyama hivyo ni hiyo. Mtu akifariki Malindi, wenzake wanachanga, wanakodi lori, wanampeleka akazikwe kwa baba zake. Chama cha watu wa Vihiga kina wanachama sitini na watatu. Mwenyekiti wake ni Phineas, kaka yake Gerishom wa tumbo moja, karani wa ghala la pamba mjini Malindi.

Na hapo ndipo palipo na kidonda.

Mke wa Gerishom alikuwa Mbeyu, Mgiriama wa hapa hapa Gede. Alifariki mwaka 1982, wiki chache kabla ya Krismasi, kwa homa ya siku tatu. Kwa mila ya kina Gerishom, mke huzikwa nyumbani kwa mumewe. Lakini Mbeyu aliomba alale Gede, kwenye kishamba walichopewa na baba yake, na Gerishom akamtimizia. Phineas akachukia. Hakuja mazishini, na kwa miaka karibu minne hakukanyaga Gede, mahali ambapo mtu akitoka Malindi asubuhi kwa gari hufika chai yake haijashuka tumboni.

Januari mwaka huu Gerishom alikiomba chama kiandike kwamba siku yake ikifika, asisafirishwe. Azikwe Gede, ubavuni mwa Mbeyu. Mwenyekiti alikataa mbele ya wanachama wote.

"Alisema mimi na Mbeyu hatukujaliwa mtoto, kwa hiyo hapana kinachonifunga huku," Gerishom anasema, na sauti yake inateremka. "Niliumia. Tangu siku hiyo ilikuwa ni salamu tu, habari na nzuri, basi."

Ijumaa hiyo, basi, alirudi na makatoni yake na kuanza kukata.

Mchezo aliouita Mpelekeni Nyumbani ni wa watu sita, na kila mmoja huokota kadi ya kuwa mtu fulani: mjane, ndugu wa maiti, mweka hazina wa chama, mzee wa ukoo, dereva. Wa sita ni maiti mwenyewe. Huyu hulala chali, afumbe macho, asiseme, na zaidi ya yote asicheke.

Mbele yao kuna lori dogo la mbao na jeneza lenye kisanduku cha ndani kinachovutwa, kama droo ya meza, likarefuka au kufupika. Njia ina vituo kumi kutoka Malindi hadi Vihiga. Kila mchezaji huanza na punje chache za kunde, na kila kituo mtu mmoja lazima aseme neno juu ya marehemu. Akimsifu, anapata punje ya kunde, na jeneza linarefuka. Akisema jambo la kweli ambalo watu huficha, anapoteza punje moja, na jeneza linafupika. Jeneza likizidi urefu, mlango wa lori haufungi na safari inakwama. Mwenye kunde nyingi mwishoni ndiye anayerithi kitanda cha marehemu.

Kwa hiyo kila mtu anataka kusifu, na kila mtu anaomba mwenzake ndiye aseme ukweli. Ukiufikiria sana mchezo huu unaweza kuacha kwenda mazishini.

Jumamosi aliujaribu katika hoteli moja ya chai, na ukamwaibisha. Raundi tatu, na raundi zote tatu lori halikutoka Malindi. Hakuna aliyethubutu kumsema vibaya maiti, hata maiti ambaye alikuwa mchuuzi wa maji aliyelala mezani akinuka kitunguu. Walimsifu mpaka jeneza likachomoka na kuanguka kwenye sufuria ya maharagwe.

"Hapo nikaona kosa langu," anasema Gerishom. "Niliandika 'sema ubaya wake.' Nani atasema ubaya wa maiti? Nikafuta. Nikaandika 'sema lililo kweli, na liwe umeliona kwa macho yako.' Basi. Lori likaenda."

Jumapili alasiri ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mtindo wa Bhikhubhai ni kwamba wachezaji hupatikana kwa kura kutoka kwa watazamaji, na mtunzi husoma masharti tu. Phineas alikuwapo kwa sababu chama chake ndicho kilichokopesha mabenchi, naye si mtu wa kuacha mabenchi ya watu bila mlinzi. Jina lake likatoka. Akapanda, akaokota kadi, akaisoma, akamtazama mdogo wake.

Kadi ilisema: maiti.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mwenyekiti wa kusafirisha maiti anasafirishwa! Phineas, mtu mzito mwenye tai na kalamu mbili mfukoni, alilazwa juu ya mabenchi yake mwenyewe. Mama mmoja aliyekuwa ameokota kadi ya ndugu wa maiti akairudisha akisema yeye hachezi na mambo ya kaburi. Kwa kanuni ya mashindano, mchezaji akijitoa, mtunzi huchukua nafasi yake.

Hivyo ndivyo Gerishom alivyopiga magoti kando ya kaka yake.

Vituo vya mwanzo vilikuwa raha tupu. Mjane, aliyechezwa na mwalimu mwenye ndevu, aliapa kwamba marehemu hakupata kumaliza nyama peke yake. Jeneza likarefuka. Mweka hazina akasema marehemu alikuwa anarudisha hata sindano ya kuazima. Likarefuka tena. Prabhavati, mkewe Bhikhubhai, aliyekuwa akishika saa, alicheka mpaka akavua miwani. Tumbo la maiti lilitikisika, lakini mdomo ulibana.

Kufikia kituo cha saba mlango wa lori haukufunga. Zamu ilikuwa ya Gerishom.

"Ndugu yangu huyu," alisema, "hakuja kumzika mke wangu."

Akaweka chini punje moja ya kunde. Jeneza likaingia ndani inchi moja. Hakuna aliyecheka. Waliokuwa madirishani waliacha kusukumana.

Mlango ulikuwa bado haufungi, na wachezaji wengine wakamwachia tena zamu zao, kila mmoja akitazama pembeni. Akasema la pili, kwamba kaka yake alipita hapa Gede mara nyingi kwa gari, akageuza uso upande wa pili. Jeneza likaingia. Akasema la tatu kwa taabu: "Na mimi nilikuwa nikiliona gari lake, nikajificha nyuma ya mbao. Sikusimama barabarani kumwita hata mara moja."

Mlango ukafunga. Mkononi mwa Gerishom hamkuwa na hata punje moja ya kunde.

Katana, kaka yake marehemu Mbeyu, alikuwa amekaa safu ya tatu. "Mimi nimeona mazishi mengi, bwana wee," anasema. "Lakini siku ile nilishikwa na hofu njema. Nilisema moyoni, kumbe mtu aweza kuyasema haya angali hai, na mwenzake angali hai, na jengo lisianguke! Shemeji yangu huyu nilimjua ni fundi wa mbao tu. Sikumjua."

Kabla ya kituo cha mwisho, sharti humpa maiti ruhusa ya swali moja, na anayeulizwa lazima ajibu. Kwenye majaribio ya Jumamosi watu waliuliza ni nani atakayerithi kitanda. Phineas hakufumbua macho. Mikono yake ilikuwa bado imekunjwa kifuani, kama alivyolazwa.

"Gerishom," alisema. "Kaburi la Mbeyu liko upande gani wa nyumba?"

Mwulizaji alikuwa kaka wa mume, mwenyekiti wa mazishi ya watu sitini na watatu, na alikuwa hajui.

"Upande wa jua linapochomoza," Gerishom alijibu. "Nyuma ya jiko. Kulia kwake nimeacha nafasi ya mtu mmoja."

Phineas akaketi. Aliketi kabisa, miguu chini, akiwa na machozi usoni mbele ya watu aliowahi kuwatoza faini kwa kuchelewa mkutanoni. Maiti akiamka safari imevunjika, ndivyo kanuni isemavyo, na wachezaji wote sita walishindwa pale pale. Wala hakuna aliyelalamika. Watu mia mbili walisimama. Walisimama tu, kama wasimamavyo watu wakipitiwa na jambo kubwa.

"Nimefundisha miaka ishirini," anasema mwalimu Randu, mmoja wa waamuzi. "Watoto wa shule husimama wakiamriwa. Wale watu hakuna aliyewaamrisha."

Zawadi ya baiskeli ilikwenda kwa karani wa benki aliyebuni mchezo wa mbio za punda. Waamuzi hawakuwa na la kufanya, kwa kuwa safari ya Gerishom haikufika. Bhikhubhai ameagiza nakala ishirini za Mpelekeni Nyumbani azitie dukani, na hadi sasa fundi hajampa jibu.

Ombi la Gerishom bado halijapita. Chama kitakutana Jumapili ya kwanza ya Septemba, na wako wanachama wazee wanaosema mtu wa kwao hawezi kuachwa pwani hata kama ameomba kwa maandishi. Phineas amesema atalileta jambo hilo mwenyewe na atalitetea mwenyewe. Hakuahidi kwamba litapita.

"Nikikataliwa tena nitaumia, sitaficha," anasema Gerishom, akiegemea ubao wa yule mzee wa Jilore. "Lakini safari hii sitakuwa nimesimama peke yangu mbele yao."

Jana jioni Phineas alimtuma mtu kutoka Malindi. Anataka kuja Gede Jumamosi kumwona shemeji yake Mbeyu kaburini, na akauliza, kwa kuwa hajawahi kufika hapo na hajui desturi za huku, aje na nini: maua, kitambaa, au mchungaji.

Gerishom alimgeukia yule mjumbe.

"Mwambie aje na jembe," alisema. "Mvua imekuwa nyingi, na magugu nimeyaachia mpaka yamefika magotini. Tutalima pamoja."