Blauzi ya Mambamuntu

Kazi yangu ni kutundika picha kwenye nyumba za wenye nazo hapa Kampala, na ladha zao nimezijua kwa kutoboa kuta zao. Nilipoanza walitaka tembo na ngoma. Baadaye tembo wakashushwa, zikapanda picha zisizo na mtu wala mnyama, rangi tupu, mradi zipatane na makochi. Mimi nilitoboa tu.

Siku hizi wanatafuta vitu vyetu, zile picha ambazo sisi Wakongo wa mashariki tulikuwa nazo sebuleni, zilizochorwa juu ya magunia ya unga. Kwetu Bukavu kila sebule ilikuwa na mambamuntu, yule mwanamke wa majini mwenye mkia wa samaki, kifua wazi. Kisha makanisa ya maombi yakasema ni shetani, na majirani wakazichoma. Mama hakuichoma yake kwa sababu aliyeichora ni baba, na baba alikuwa ameshafariki. Alichukua rangi iliyobaki ya mlango, akamvisha mambamuntu blauzi ya kijani, vifungo hadi shingoni. Mchungaji akaja, akaitazama, akanywa chai yake. Tulipokimbilia Uganda, picha ilikuja na blauzi yake.

Mteja wangu mmoja, mfanyabiashara wa Luzira, alisikia habari zake kwangu akaja kuiona chumbani kwa mama, mtaa wa Bukoto. Mama alikuwa ameshakubali kuiuza. Anashona nguo, macho yamechoka, na alitaka cherehani ya umeme. Mimi nilitaka aipate kuliko hata yeye.

Yule bwana alichuchumaa mbele ya picha kwa muda mrefu.

"Mama, hii picha mimi nataka," akasema. "Lakini hii blauzi tutatoa. Niko na mutu anaweza kutoa polepole, tuone ile ya chini."

"Mutaitoa?"

Nikamweleza mama kwamba wakusanyaji wa sasa wanapenda kazi ya asili, kama mchoraji alivyoiacha. Nilieleza vizuri, kama mtu wa kazi. Mama akainuka, akaitoa picha msumarini, akaigeuzia uso ukutani.

"Hapana, bwana. Huyu njo mimi. Baba ya huyu mutoto wangu alinichora mimi."

Nilisikia aibu ya mtoto aliyefungua mlango bila kupiga hodi. Miaka yote hiyo nilidhani blauzi ile aliipaka kwa sababu ya mchungaji.

Mteja, mtu muungwana, aliinamisha kichwa. Kisha akasema ataichukua vilevile ilivyo, na rangi ile hataigusa. Nikamtazama mama, nikiwa bado naiwazia ile cherehani.

"Leo unapenda na blauzi," mama akamwambia bila hasira, akimsogezea kikombe cha chai. "Kesho mutachoka nayo, mutanivua."